Maharage Yasiyoiva

Agosti ya Marseille haina huruma na mtu mwenye oveni. Ukitaka kuoka kitu, uoke kabla jua halijapanda, kisha ufunge madirisha ya mbao na ukae gizani kama mwizi mpaka jioni. Kwa hiyo siku ile nilitega simu initoe kitandani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu haikupata kazi. Kilichoniamsha ni harufu ya tui la nazi.

Nikamkuta Mama jikoni, kanga kiunoni, mwiko mkononi, amesimama mbele ya sufuria kama mtu anayedai deni lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hebu niambie, haya maharage yako umeyanunua wapi? Nimeyaloweka jana baada ya isha. Tangu saa tisa usiku yako motoni. Nimetia magadi yale niliyokuja nayo, wapi! Nimetia na tui nikidhani yataona haya. Yamekataa."

Nikaangalia rafuni. Ile chupa pana ya kioo iliyokaa pale miaka mitano haikuwepo. Ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa ikauke.

Sikujua nicheke au nilie. "Mama, hayo si ya kula."

Akageuka akanitazama vizuri, kwanza usoni, kisha miguuni, kama anayetafuta mahali ugonjwa ulipoanzia.

"Maharage si ya kula," alirudia polepole. "Ni ya nini sasa? Ya kuchezea bao?"

Ilibidi nieleze, na kwa kuwa huenda na wewe unayesoma unauliza swali hilohilo, nitaeleza hapa pia. Wafaransa wana chakula wanachokiita tarte. Kiswahili chake sina. Pai iliyoezuliwa paa, labda. Unatandaza donge la unga ndani ya sinia lenye ukingo mfupi, juu yake unapanga unachotaka, unaoka. Wengi wanaijua ya matunda, lakini hapa kusini, kiangazi kikifika na mboga zikawa nyingi sokoni mpaka zinauzwa kwa kubembelezana, watu wanaoka ya chumvi: nyanya, biringani, pilipili hoho, jibini la mbuzi.

Taabu yake ni moja. Mboga za kiangazi ni maji matupu. Ukizipanga juu ya unga mbichi, juu kutaiva vizuri, rangi itapendeza, picha utapiga, lakini chini utakuta uji. Kwa hiyo wanaanza kwa kuuoka unga peke yake. Na unga ukiokwa peke yake nao una vituko vyake: katikati unavimba kama andazi, pembeni unateleza na kuanguka. Dawa yake ni kuukandamiza. Unatandika karatasi juu yake, unamwaga maharage makavu, unaoka dakika kumi na tano hivi, unayatoa, yanapoa, unayarudisha kwenye chupa mpaka siku nyingine. Wenyewe wanasema cuire à blanc, yaani kuoka nyeupe.

Chupa ile nilipewa na bibi wa ghorofa ya tatu mwaka 2019, kiangazi changu cha kwanza hapa. Ndiye aliyenifundisha. Alinikabidhi maharage yake mwenyewe, yamekwisha kuwa na rangi ya kahawia ya tumbaku, akaniambia haya ni ya kazi. Harage lililoingia motoni mara zote hizo ganda lake limefunga. Hata ulitie bahari nzima, maji hayaingii. Magadi ya Mama yalikuwa yanabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Kwa hiyo," Mama akasema, "una chakula ndani kinachoingia motoni kila mwaka na hakiivi."

"Ndiyo, Mama."

"Na hakiliwi."

"Ndiyo."

Akazima jiko. "Kuishi kwingi kuona mengi," akasema, akaenda kuswali.

*

Mama alikuwa na wiki tatu Marseille. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Katika wiki hizo tatu tulizungumza kila kitu: bei ya sukari, harusi ya binamu iliyovunjika na ikaungwa tena, goti lake, mvua zilizozidi, jirani wa Barabara ya 12 aliyejenga ukuta ukaingia kwetu kwa futi moja. Kila kitu, ila kimoja.

Baba alifariki katikati ya Aprili 2020. Mtakumbuka siku zile. Ufaransa tulikuwa tumefungiwa ndani, ukitoka hata kununua mkate lazima uwe na karatasi uliyoijaza sababu, na Tanzania nayo ilikuwa imesimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu, nami nikayatazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa na binamu yangu ambaye mkono ulikuwa unamtetemeka. Picha ilikwama walipoanza kufukia. Ilipozinduka, watu walikuwa wanaomba dua.

Kwa hilo hakuna aliyenilaumu, hata mimi mwenyewe. Hata ningekuwa Dar nisingewahi. Lakini anga la Tanzania lilifunguliwa tena Mei mwaka uleule, na mimi nilikanyaga Tanga Desemba 2022. Katikati hapo kuna miaka miwili na nusu ambayo nimeipa majina mengi. Mara kibali cha kuishi kinashughulikiwa. Mara kazi ni mpya. Mara nauli imepanda. Mengine yalikuwa kweli kabisa. Ila kibali kilipotoka, nilikaa nacho mkobani miezi kumi na moja.

Na nilipofika, nilikaa siku kumi. Tulikwenda makaburini, tukapokea wageni, nikarudi. Mama hakuniuliza. Nami nilimshukuru moyoni kwa kutoniuliza, na niliporudi huku nikaona kwamba kule kutoulizwa ndiko kulikonikaa kooni.

*

Mboga tulikuwa tumezinunua jana yake, soko la Capucins, mtaa wa Noailles, hatua chache kutoka barabara kuu ya Canebière. Mama hana Kifaransa hata cha kuombea maji. Lakini Noailles ni mahali ambapo Mpwani hapotei. Marseille imejaa Wangazija. Ukitega sikio utawasikia wanasalimiana, bariza, njema, na hata kama huelewi kila neno, sikio linajua kwamba limefika kwa jamaa. Mama alisimama kwa mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua bamia, wakaanza. Huyu Kiswahili, yule Kingazija, wanakutana kwenye kila neno la tatu. Dakika kumi. Nilipomuuliza walizungumza nini, akasema: "Bamia zake zimekomaa mno. Nimemwambia."

Mimi nilikuwa nachagua courgette. Mama akainua moja, akaipima mkononi.

"Si mumunye hili?"

"Si mumunye la nyumbani hasa. Lakini jamaa."

"Mumunye lililovunwa kabla ya ndoa," akasema, akalirudisha. Akachukua mengine mawili, madogo, yenye ngozi inayong'aa, na alikuwa sahihi: makubwa yamejaa maji na mbegu.

Biringani hatukubishana. Kuna jambo moja kuhusu biringani ninalolipenda, na kwa kuwa hapa tunapenda maneno nitalisema. Wafaransa wanaliita aubergine. Ukiyatazama maneno haya mawili, biringani na aubergine, utadhani hayajawahi kuonana. Kumbe ni ndugu. Yote yanarudi kwenye badhinjan ya Kiarabu, nayo ilitoka Uajemi. Moja lilipita Bahari ya Hindi, jingine likapita Uhispania, likabeba al- ya Kiarabu mgongoni, na yote mawili yakafika jikoni kwangu yamebadilika sura. Nilimweleza Mama tukiwa kwenye foleni. Akasema, "Baba yako angelipenda hilo." Kisha akanyamaza, nami nikaanza kutafuta pochi niliyokuwa nimeishika.

Mwisho tulisimama kwa muuza majani. Nikachukua fungu la basilic. Mama akalivuta akalinusa, macho yakamfumbuka.

"Mrehani!"

"Ndiyo."

"Unakwenda wapi nao? Kuna harusi?"

"Nautia kwenye chakula."

Kwetu mrehani ni wa kikuba. Unafungwa na asumini, unavaliwa kifuani, harufu inakutangulia mlangoni. Mama aliubeba mwenyewe njia nzima mpaka nyumbani, hakutaka uwekwe mfukoni na vitunguu.

*

Basi, tukarudi kwenye alfajiri yetu. Mama amekwisha swali, sufuria la maharage linapoa kwenye sinki, na mimi sina cha kukandamizia unga.

Nilisema nitatumia mchele. Mama akanitazama tu. Nikasema basi tutaangalia.

Unga wa tarte ni rahisi kuutaja: gramu 250 za unga wa ngano, gramu 125 za siagi baridi iliyokatwa vipande, chumvi kidogo, maji ya baridi vijiko vinne. Ugumu wake uko mikononi. Unaisugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka inakuwa kama mchanga wa pwani uliolowa kidogo, unatia maji, unakusanya, basi. Hukandi. Ukikanda, unga unapata mvuto kama wa chapati, na ukiingia motoni unajikunja.

Mama amekanda chapati miaka hamsini. Nilimpa bakuli kwa heshima, maana huwezi kukaa jikoni na mama yako ukamwacha asimame tu. Vidole vikaingia, na mara kiganja kikaanza kusukuma.

"Mama, huu haukandwi."

"Sijaukanda. Naushawishi."

Joto la mikono likaanza kuyeyusha siagi. Tukalifunga donge haraka tukalitia kwenye friji, nusu saa nzima, lipoe na litulie. Wakati huo tukakata mboga: biringani moja, yale mamumunye mawili, nyanya nne, vipande vyembamba unene wa shilingi mbili tatu zilizobebana. Tukazitandaza kwenye kitambaa safi, tukazinyunyizia chumvi. Chumvi inavuta maji. Nusu saa nyingine. Oka yoyote ya kiangazi ni kazi ya kusubiri zaidi kuliko kupika, na bila shaka ndiyo maana watu hutafuta redio.

Sikuwasha redio. Tulikaa kwenye viti viwili vya kibarazani, miguu kwenye ukuta, jua bado liko nyuma ya majumba. Chini muuza mkate alikuwa anafungua mlango wake wa chuma.

"Sikukasirika kwa ajili ya mazishi," Mama akasema.

Hakutanguliza neno lingine lolote.

"Najua, Mama."

"Hujui. Nyamaza nimalize." Akavuta kanga mabegani ingawa hapakuwa na baridi. "Nilikasirika ile Mei. Waliposema ndege zimefunguliwa, nilifua shuka za chumba chako nikazianika. Nikatandika. Juni zikaingia vumbi, nikazifua tena. Julai vilevile. Nimefua shuka ambazo hazijalaliwa na mtu mpaka mdogo wako akaniambia, Mama, sasa basi. Ndipo nikaacha."

Nimeandika insha nyingi katika maisha yangu, na nimejibu watu wengi kwa maneno mazuri. Nilichopata siku ile ni neno moja.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa kufika." Nikajaribu tena. "Nikiwa huku, Baba alikuwa bado yuko. Jumapili nilikuwa nasahau, nachukua simu kumpigia, mpaka naona jina. Nilijua siku nikiingia ukumbini nikakuta kiti chake, ndiyo itakuwa basi. Nikawa naisogeza mbele. Naisogeza tu."

Mama hakusema nakuelewa. Si mtu wa kusema hivyo. Aliokota uzi kwenye kanga yake, akauviringa, akautupa.

"Kile kiti nami nilikihamisha," akasema. "Kiko chumba cha uani. Siwezi kukiona asubuhi."

Ndege wa baharini wakapita juu yetu wakilia kama watoto wanaogombana. Nilidhani tumemaliza.

"Na mimi nina langu," akasema. "Baba yako aliugua siku kumi na tisa. Wewe tulikwambia siku ya kumi na saba."

Nilijua kwamba nilichelewa kuambiwa. Sikujua hesabu.

"Alinikataza. Alisema, usimwambie, yuko peke yake kule, amefungiwa ndani, atakosa usingizi na hana wa kumshika mkono. Nikamtii. Ulipiga simu mara nne siku hizo. Mara zote nilikwambia amelala." Akanyamaza kidogo. "Mara mbili alikuwa amelala kweli. Mara mbili hakuwa. Niliiweka simu kwenye spika, akawa anakusikiliza. Ulikuwa unaniambia habari za huyo bibi wa ghorofa ya tatu, ati unamwachia mkate mlangoni, unagonga halafu unakimbia. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Ukaniuliza, Mama, nani huyo anakohoa? Nikasema ni redio."

Niliikumbuka ile simu. Niliikumbuka ile redio.

Sitaandika tulilia kwa muda gani, kwa sababu hatukulia sana. Mama alinishika kifundo cha mkono, akakishika hivyo kwa nguvu, kama anavyoshika mtoto barabarani. Kisha akachungulia ndani.

"Mboga zimetoa maji," akasema. "Twende tukazifute."

*

Sasa moto. Nilipotandaza unga kwenye chombo changu cha sentimita 28, Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya oveni anaichungulia.

"Moto wa hili dude uko wapi?"

"Juu, chini, na kuna feni nyuma."

"Unaweza kuwasha wa chini peke yake?"

"Naweza."

Akasimama, goti likalia. Hapo ndipo aliponifundisha. Watu wa umri wangu waliokulia Tanga wataikumbuka keki ya makaa: sufuria juu ya jiko, sinia la bati juu ya sufuria, makaa chini na makaa juu. Mama ameoka keki za Idi kwa namna hiyo kabla hatujapata umeme wa kutegemea, na siri yote, anasema, iko kwenye kugawa makaa. Keki ni nzito, inakaa muda mrefu, na chini ndiko kunakoungua kwanza. Kwa hiyo makaa machache chini, mengi juu.

"Hiki chako ni kinyume cha keki," akasema. "Kinalowa chini, juu hakina shida. Basi geuza moto. Tia sinia tupu chini kabisa lipate moto mpaka liogopwe, ndiyo uweke chakula juu yake. Unga ukikutana na chuma cha moto unashtuka unakaza hapohapo. Maji ya nyanya yatakuta mlango umefungwa. Maharage ya nini?"

Nimesoma vitabu vya mapishi vya Kifaransa, na vingine vinasema jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi. Lakini sikuwahi kulifanya. Nilikuwa na maharage yangu.

Nikachukua penseli na nyuma ya bahasha nikaandika anavyosema. Sinia liingie kwa dakika ngapi? "Kiasi." Moto kiasi gani? "Usiwe wa kuunguza." Nikacheka, naye akacheka. Baba, aliyekuwa karani wa bandari na mpenzi mkubwa wa tenzi, alikuwa akinisomea ule utenzi aliotunga Mwana Kupona mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Nilipokuwa chuo nilikuwa nauchukia kidogo: beti zaidi ya 100, na nyingi zinamwambia mke atii, ahudumie, asikasirike. Bado nazibishia. Lakini siku ile na bahasha mkononi nilikumbuka mwanzo wake tu, pale mama anapomwita binti asogee karibu na alete wino na karatasi. Mama yule alikuwa anajua muda ni mfupi. Binti hakuwa amemwomba lolote. Labda naye alikuwa na haraka ya kurudi alikotoka.

Nikaandika "kiasi". Pembeni yake nikaandika tafsiri yangu: dakika 25, nyuzi 220, moto wa chini.

Tukapaka haradali kali juu ya unga mbichi, vijiko viwili, nayo pia inazuia maji kidogo na inaipa nyanya mtu wa kubishana naye. Tukapanga mboga zilizofutwa, duara ndani ya duara, biringani, mumunye, nyanya, biringani. Biringani tulikuwa tumelipitisha kwanza kwenye kikaango, maana bichi linafyonza mafuta na kubaki na ugumu wa sifongo. Mafuta ya zeituni, pilipili manga, jibini la mbuzi lililovunjwavunjwa. Chombo kikatua juu ya lile sinia la moto, na kwa kweli tulisikia: unga ulitoa sauti, tss, kama chuma cha pasi kwenye kanga yenye maji.

Robo saa kwa moto ule, kisha tukashusha mpaka 200 na kuwasha wa juu, nusu saa nyingine. Mrehani haukuingia motoni. Nilitaka kuukatakata. Mama aliuchambua jani moja moja na kuuweka juu mwishoni, mzima, na jani la mwisho akalichomeka kwenye nywele zake.

*

Tulikula saa tatu asubuhi, madirisha yamefungwa, jua limekwisha kuingia kwenye nyufa za mbao. Niliinua kipande kwa kisu nikachungulia chini yake kabla sijala, kama fundi anayechungulia uvungu wa gari. Kikavu. Rangi ya mkate. Nilikigonga kwa ukucha, kikalia.

Hakikuwa kamili. Upande mmoja, pale Mama alipoushawishi unga, ulikuwa mgumu wa kuvunjia nazi. Haradali ilimzidi akanywa maji glasi mbili. "Ni sambusa iliyochoka kukunjwa," akatoa hukumu yake, na akaongeza kipande cha pili. Kipande kingine tulikipeleka ghorofa ya tatu. Bibi yule amezeeka sasa, anasikia kwa taabu. Nilimweleza kwamba mama yangu ameyapika maharage yake. Akashika kifua. Kisha akauliza kama yaliiva.

Maharage yenyewe Mama hakukubali yatupwe. Yalikuwa yamechemka tangu saa tisa usiku mpaka alfajiri, yamekunywa tui la kopo zima, na bado yalikuwa yanagonga bakuli kama kokoto. Alinionjesha moja. Kwa nje lilikuwa na ladha nzuri sana, ya nazi na chumvi. Ndani lilikuwa harage la 2019. Tuliyatoa mchana, tukamwagia njiwa wa uwanjani, nao wakayatazama wakaondoka.

Chupa bado iko rafuni, tupu. Sikununua mengine. Tangu siku ile naoka kwa sinia la moto chini, na inafaulu mara nyingi kuliko kutofaulu, ila nyanya zikiwa na maji mno lazima uzikamue na mbegu zake.

Mama alirudi Tanga mwanzoni mwa Septemba. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe wa sauti. Amejaribu, anasema, kwa makaa, na mumunye la kwetu na nyanya za soko la Ngamiani. Jibini hakupata, ametia mayai. Makaa ya chini yalimzidi. Kumeungua, mwanangu, chini kumekuwa mkaa mwingine, tumekula ya juu tukatupa sinia. Nyuma yake nilisikia watoto wa mdogo wangu wanacheka, na kitu kikiburutwa sakafuni.

"Ukija nitapunguza," akasema.

Kisha, kama anayekumbuka jambo dogo: "Kiti cha baba yako nimekirudisha ukumbini. Shuka nimefua mara moja tu."

Nimekata tiketi ya Aprili.